Nimeolewa Ujerumani, nina mimba, na naona haya kusema nina njaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Tanga mjini. Nimeolewa na Mjerumani na tunaishi kwenye mji mdogo jirani na Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani, nyumbani kwa mama yake. Mama mkwe anakaa chini, sisi juu, ila jiko ni moja na liko kwake. Nina mimba ya miezi mitano.

Mume wangu si mtu mbaya. Tulijuana alipokuja Tanga kwenye mradi wa maji. Nilikuwa na mgahawa mdogo karibu na stendi, nauza chapati, maharage ya nazi, wali samaki, na kila Ijumaa pilau. Alikuwa anakuja mchana, anakaa na madereva wa daladala, anakula kwa mkono mpaka anafuta sahani. Alisilimu, tukafunga ndoa, mgahawa nikamwachia mdogo wangu, nikasoma Kijerumani cha kupatia viza, nikaja.

Kula kwa huku kumenishinda. Asubuhi mkate. Mchana mume yuko kazini, mama mkwe anachemsha viazi, na kabla hajavitia sufuriani ananiuliza nitakula vingapi. Viwili? Vitatu? Siku ya kwanza nilidhani ananitania. Tangu nizaliwe sijawahi kuhesabiwa chakula. Kwetu kinapikwa cha kutosha na anayepita anakaribishwa. Jioni, saa ambayo tumbo langu ndiyo linataka kitu cha moto, unawekwa mkate tena, ule mweusi, mzito, wenye uchachu, pamoja na jibini, nyama baridi zilizokatwa nyembamba kama karatasi, na matango ya siki. Saa kumi na mbili na nusu meza imeshafutwa. Saa nne usiku nimelala macho, nina njaa.

Nyama zenyewe nyingi ni nguruwe. Mimi sili, mama mkwe anajua na hanilazimishi. Lakini kikaango ni kimoja. Nikikiosha mara ya pili ananitazama kana kwamba nimemwita mchafu. Na mume wangu siku hizi anakula soseji za mama yake. Nikimuuliza ananiambia nisimfanyie upolisi.

Dada yangu alinitumia dagaa na ng'onda ya papa kwa mtu aliyekuwa anakuja Hamburg. Mwezi wa kwanza, siku mama mkwe ametoka, nikapika ng'onda kwa nazi. Aliporudi alifungua madirisha yote, barafu iko nje, akashusha mapazia akayafua. Hakusema neno. Mume alipofika akaniambia kwa upole kwamba chakula chenye harufu nisipike tena ndani ya nyumba. Shangazi, ni yule yule aliyekuwa analamba vidole kwenye mgahawa wangu.

Manunuzi anafanya mume wangu kila Jumamosi kwa orodha. Mimi sina kadi ya benki wala hela mkononi. Nikitaja duka la Waafrika la mjini, jibu ni wiki ijayo, au kwamba ni ghali kulipia ndizi mbichi bei ile wakati viazi vipo. Nilitaka kuanza kozi ya lugha wanayopewa wageni, akasema nisubiri mpaka nijifungue.

Mwili nao una mambo yake. Nachoka, kichwa kinazunguka nikisimama, nikinywa maziwa tumbo linajaa gesi na kukata. Na kuna jambo mume hajui: nakula udongo. Dada aliufunga pamoja na ule mzigo wa dagaa. Nauficha ndani ya buti kabatini, usiku nikikosa usingizi naumega. Nikiukosa siku mbili nahisi kulia.

Mama yangu akipiga simu namtumia picha za keki, afurahi. Ananiuliza nani atanikanda, nani atanipikia uji wa pilipili manga, nani atakaa nami arobaini. Sina jibu. Nafikiria nirudi Tanga nikajifungulie kwetu. Rafiki yangu aliyeolewa Uswisi ananiambia najidekeza, kwamba wenzangu wanaitafuta nafasi kama hii kwa udi na uvumba na mimi nalilia ugali. Je, ni kweli sina shukrani? Nifanyeje?

Mke wa Ugenini, Ujerumani

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Hujidekezi, na shukrani haina uhusiano na hili. Mwanamke mwenye mimba anayelala na njaa ndani ya nyumba yenye friji iliyojaa ana tatizo la kweli, na aliyekwambia unalilia ugali hakukusikiliza.

Naanza na udongo kwa sababu ndio usiosubiri. Hamu unayoieleza, ile ya kutaka kulia ukiukosa, mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na uchovu wako na kizunguzungu vinanifanya niwaze hivyo hivyo. Udongo hautakupa hayo madini. Unaweza hata kuzuia tumbo lisifyonze kidogo unachopata kwenye chakula. Na udongo wa kula umewahi kupimwa ukakutwa na risasi, ile metali yenye sumu. Risasi ikiingia kwenye damu ya mama inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, na kinachoumia ni ubongo wake. Kwetu udongo unauzwa sokoni kwa mafungu, bibi zetu waliula, wala sioni sababu ya mtu kukucheka. Lakini utoe ndani ya buti leo, uutupe, na wiki hii hii umwambie daktari wako kwamba umekuwa ukila udongo. Mwambie waziwazi, kwa maneno hayo, ili aamue kama apime na risasi pia.

Huko umepewa kitabu kidogo kiitwacho Mutterpass, ni kama kadi yetu ya kliniki. Ndani yake wekundu wa damu huandikwa kila unapopimwa. Omba akuoneshe namba yako, na umuulize kuhusu akiba ya chuma, kwa sababu wekundu unaweza kuonekana bado unaridhisha huku akiba imeshakauka. Vidonge vya chuma usijinunulie, subiri majibu. Wakati unasubiri, chai ya rangi usinywe na chakula, isogeze mbele saa moja hivi, kwa sababu inazuia chuma kisiingie. Ukila maharage au dengu, tia pilipili hoho mbichi pembeni au maliza kwa chungwa. Maziwa yanayokujaza gesi si ugonjwa mpya. Watu wazima wengi wa kwetu matumbo yao hayaisagi vizuri sukari iliyomo ndani ya maziwa. Madukani huko yamejaa maziwa yaliyoandikwa laktosefrei, sukari hiyo imeshavunjwa. Mtindi na jibini lililokomaa, kama Gouda ya zamani, kwa kawaida havisumbui.

Halafu jua. Tanga iko digrii 5 kusini mwa ikweta, Oldenburg iko digrii 53 kaskazini. Kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huko liko chini mno kuifanya ngozi itengeneze vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe, sembuse ikiwa imefunikwa kwa nguo za baridi na mtandio. Mwenyeji anayesema yeye hajawahi kuihitaji anazungumzia ngozi yake. Wataalamu wa lishe wa Ujerumani wanataja mikrogramu 20 kwa siku kwa mtu asiyepata jua la kutosha. Muulize daktari kama na wewe uanze kiasi hicho. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 watakupima sukari ya mimba, usikose.

Ng'onda yako, kwa kuwa ni ya papa, iweke kando mpaka ujifungue. Papa ni samaki mkubwa anayekula wenzake, anakusanya zebaki, na mjamzito hushauriwa asimle. Dagaa kula bila wasiwasi. Samaki wa moshi wanaouzwa baridi, nyama mbichi za kupaka kwenye mkate, salami na jibini la maziwa yasiyochemshwa, hivyo mwenye mimba haviachi kwa dini tu. Hata wajawazito wa Kijerumani wanakatazwa na madaktari wao, kwa hiyo hapo mama mkwe atakuelewa bila maelezo marefu.

Sasa chakula, na hapa nataka nikae kidogo, maana wewe ni mpishi wa kuuza na umeandika kama mtu aliyenyang'anywa mikono.

Umefika, bila kujua, kwenye mkoa wa sukuma wiki. Grünkohl, yale majani ya kijani yaliyokunjamana unayoyaona sokoni na kwenye mabonde ya mashamba huko, ni ndugu wa damu wa sukuma. Oldenburg inajivunia sana majani hayo. Majira ya baridi watu wanatoka kwa makundi, wanatembea barabara za mashambani na mkokoteni wa vinywaji, kisha wanaingia mgahawani kuyala, na mwisho wanamchagua mfalme wa Grünkohl. Wao huyapika muda mrefu kwa mafuta ya nguruwe na kuyawekea soseji iitwayo Pinkel, ndiyo maana pengine hukuyatambua. Wewe yakate membamba kama unavyokata sukuma, kaanga kitunguu na nyanya, malizia kwa tui au karanga. Ni mwezi wa pili sasa, bado yapo mabichi, na yakiisha yanauzwa ya kugandishwa mwaka mzima kwa bei ya chini. Mboga yenye chuma, inayolimwa mlangoni kwa mumeo, haina hoja ya kwamba ni ghali.

Ugali: kwenye duka lolote la kawaida kuna Maisgrieß, au pakiti iliyoandikwa polenta. Ni mahindi ya njano yaliyosagwa chengachenga. Ukiipitisha kwenye blenda kwanza, inasonga vizuri na rangi utaizoea. Unga mweupe na unga wa muhogo, upate bada yako, ni duka la Waafrika, na hivyo unaweza kununua mara moja kwa miezi miwili kwa sababu haviozi. Duka la Waturuki, nalo halikosekani hata miji midogo, lina bamia, dengu, kunde, mchele mrefu, giligilani, na nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wako. Kwenye duka la Waasia utakuta matembele, mara nyingine mchicha, na nazi iliyokunwa ikagandishwa, ambayo kwa kukamua tui inaishinda ya kopo kwa mbali. Bizari, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga vipo kila mahali. Pilau ya Ijumaa haikuhitaji mzigo kutoka Tanga.

Na ndugu wakitaka kukuletea kitu, waambie wachague kwa akili, forodha za Ulaya haziangalii huruma. Nyama na vitu vya maziwa haviingii kabisa. Samaki, wakiwemo wakavu, wanaruhusiwa kwa matumizi ya mtu binafsi mpaka kilo 20. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nazi, ndizi, nanasi, tende na duriani. Kwa hiyo dada yako asipoteze hela kwa maembe na ndimu, aweke nazi na dagaa.

Wake wengi walioolewa mbali hawanielezi habari za chakula. Aliyetoka Unguja akaolewa Muskat anakuta wali, samaki na mandazi mezani, mara nyingine bibi wa nyumba mwenyewe anazungumza Kiswahili. Wewe umekuta nyumba ambayo chakula cha jioni hakipikwi. Desturi hiyo haikuanzia kwa mama mkwe wako. Watu wa huko walizoea kula cha moto mchana, kazini au nyumbani, na jioni wakakata mkate. Mkate kwao una heshima kubwa, mwaka 2014 utamaduni wao wa mkate uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi. Na kuhusu viazi vya kuhesabu: mama huyo, kama ana umri ninaoudhani, amelelewa na watu waliopita kwenye njaa ya baridi ya 1946 na 1947, vita ilipokuwa imetoka kwisha na kiazi kimoja kilikuwa kinagawanywa. Kwenye nyumba aliyokulia, kutupa chakula kulikuwa dhambi. Anapouliza vingapi, anaogopa kubakiza. Mjibu vinne, mwanangu. Mjibu vitano. Una mtoto tumboni na yeye ndiye aliyekupa nafasi ya kutaja idadi.

Sisemi hivyo ili umvumilie kila kitu. Madirisha nakubali, huko wanafungua madirisha kwenye baridi hata bila ng'onda, mara kadhaa kwa siku. Kufua mapazia kimyakimya ni neno, na lilikufikia. Ila mpaka sasa hajawahi kukuona ukipika ukiwa umesimama wima. Amekuta harufu ya kitu kilichopikwa kwa kujificha, tena kitu chenye harufu kali kuliko vyote ulivyonavyo. Hata Tanga ng'onda inapikwa nyuma ya nyumba. Anza na unachojua kinashika watu: pilau, siku ya Jumapili, yeye akiwepo, umwombe akumenyee vitunguu. Mtu akishamenya vitunguu hawezi kusema hajui kilichomo.

Kikaango ni suala jingine, hilo ni dini na halina majadiliano. Nunua chako, na sufuria yako, na mwiko wako, uviweke juu kwenu. Mwambie mama mkwe kabla havijaingia ndani, kwa sentensi moja, kwamba unavihitaji kwa ajili ya imani yako na kwamba vyake ni safi. Soseji za mumeo ziache kwa sasa. Huyo ni mtu mzima, ana Mola wake, na ugomvi huo utakula nguvu unazozihitaji kwa mambo mengine.

Jambo lililonikosesha raha kwenye barua yako liko katikati, umelipitia haraka: huna kadi, huna hela mkononi, na kozi umeambiwa usubiri. Mwanamke aliyekuwa anaendesha mgahawa, anajua bei ya gunia la mchele na deni la kila mteja, leo anaomba ruhusa ya ndizi mbichi. Mume wako anaweza kuwa mpole na bado akawa amekosea hapa. Huenda hajafikiri tu. Nataka afikirishwe.

Ujue ulivyosimama. Mke wa Mjerumani mwenye kibali cha kuishi anaruhusiwa kufanya kazi. Sheria yao ya ndoa inasema wenzi wanawajibika kuitunza familia kwa pamoja, na anayeshughulikia nyumba anahesabiwa kwamba ametimiza sehemu yake kwa kazi hiyo, kwa hiyo hela ya matumizi ya nyumba na yako binafsi ni haki, hauombi sadaka. Kozi ya wageni kwa kawaida ni saa 600 za lugha na saa 100 za sheria, historia na maisha ya nchi, na wewe uliyekuja kwa ndoa una haki nayo. Usisubiri kujifungua. Miezi hii minne ndiyo myepesi utakayoipata kwa muda mrefu, mtoto akija kila kitu kitakuwa "baadaye". Darasani utakutana na Msomali, Msiria, Mghana, kila mmoja anajua duka lake, mkunga wake, na basi la kumfikisha. Huo upweke wa saa nne usiku nauogopa kuliko mkate wa jioni.

Mwambie mumeo hivi, siku ya mapumziko, mkiwa nje mnatembea: "Nina njaa usiku na nimekuwa nikila udongo. Nataka kuonana na daktari wiki hii, wewe uwepo. Nataka akaunti ya benki yenye jina langu na hela ya chakula kila mwezi nitakayoipanga mwenyewe. Nataka jiko dogo la umeme la plate mbili huku juu. Na kozi naanza sasa." Usichanganye na soseji, usichanganye na mama yake. Kisha nyamaza, aseme yeye. Kama ndiye yule aliyekuwa akikaa na madereva wa daladala, neno la udongo litamshtua, na acha limshtue.

Akikataa yote, au akianza kukutisha kwa kibali, hapo tunazungumza lugha nyingine. Kwa kawaida kibali chako kinaweza kusimama chenyewe baada ya ndoa kuishiwa pamoja huko miaka 3, na kabla ya hapo kuna nafasi ya pekee kwa anayenyanyaswa. Iko namba ya simu ya wanawake, 116 016, haina malipo, usiku na mchana, hutaji jina, na ina wakalimani, wa Kiingereza na Kiarabu wakiwemo. Sidhani utaihitaji. Iandike tu.

Kuhusu kurudi kujifungua: nakushauri usirudi. Una wasiwasi wa damu, na huko unafuatiliwa bila kulipia kila kipimo. Tena ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 unaweza kupoteza kibali, na mzazi mwenye kichanga hapangi safari anavyotaka. Badala ya wewe kumfuata mama, mama akufuate. Viza ya kutembelea inampa siku 90, zinatosha arobaini na zaidi. Mumeo aende ofisi ya uhamiaji ya kwenu aandike ahadi ya kumgharimia, inaitwa Verpflichtungserklärung. Mama aombe viza kupitia ubalozi wa Ujerumani akiwa na hiyo karatasi na bima ya safari ya kuanzia euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo mlango umeshafunguka.

Wakati huo huo tafuta mkunga, wao humwita Hebamme. Bima inamlipia, atakuja nyumbani kwako baada ya kujifungua, siku za mwanzo hata kila siku, kisha mpaka wiki 12. Wako wachache na wanawahi kujaa, watu hupiga simu mimba ikiwa changa, na wewe umeshachelewa kidogo. Mtu akikwambia mzazi huko anatoka siku ya tatu na kutembea kwenye baridi, hajakueleza kwamba Wajerumani nao wana kipindi cha mzazi kulala, Wochenbett, wiki 6 mpaka 8 hivi, na mfanyakazi aliyejifungua sheria inamkataza kurudi kazini wiki 8. Arobaini yako mkunga ataielewa upesi. Uji wa pilipili manga mwoneshe, atakubali. Kukandwa kwa maji ya moto muulize kwanza, hasa ukijifungua kwa upasuaji, mama naye asikie kutoka kwake.

Na mama yako umweleze. Picha za keki zitamfanya apande ndege akiwa hajui anakuja kufanya nini, wakati akijua ukweli atafungasha kinachotakiwa, na mdogo wako wa mgahawani atamsaidia kupanga.

Ukishapata majibu ya damu niandikie, unitajie na namba. Kisha uniambie mumeo alisema nini alipomaliza kusikia.